Viazi Viwili vya Mera

Columbus, mji wa Ohio kule Amerika, ni tambarare kama sinia. Mtu anayetaka kujizoeza mlima akiwa kule hana budi kutafuta ngazi, nami nilizipata katika jengo la kuegesha magari karibu na chuo: ghorofa sita, ngazi za zege, harufu ya mafuta na ya mkojo wa zamani. Nilizipanda kila asubuhi kwa miezi minane, mgongoni nimebeba mfuko wa mchele wa kilo kumi. Mlinzi wa pale, mzee mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, alidhani nimeachwa na mchumba.

"Binti," aliniambia siku moja, "hakuna mwanamume anayestahili ngazi zote hizi."

Nilimwambia ni mlima. Alitazama juu, akatazama mfuko wa mchele, akasema basi afadhali angekuwa mwanamume.

Nilikuwa nimehitimu masomo ya mwili na upumuaji mwezi wa tano. Maabara niliyokuwa nasaidia kazi ilikuwa inapeleka watu sita Nepali kuchunguza mwili unavyotumia hewa kidogo ya huko juu, na tangu mwaka uliotangulia wanafunzi wawili tulikuwa tumechukuliwa tuwe wapimaji na wapimwaji kwa wakati mmoja. Mlima mkubwa ulikuwa Baruntse, unaozidi mita elfu saba. Lakini kabla ya Baruntse kulikuwa na Mera, mlima mdogo wa jirani, mita elfu sita mia nne na kitu. Mdogo kwa hesabu za Himalaya. Daktari aliyetuongoza, mama mrefu asiyeachana na daftari lake la kijani, alitueleza mapema.

"Mera ni mtihani. Atakayefika juu akiwa na akili timamu na mikono inayofanya kazi, tutaendelea naye mashariki hadi Baruntse. Asiyeweza atarudi na wapagazi. Hakuna aibu."

Wenzangu walisikia maelezo. Mimi nilisikia neno aibu tu.

Niseme wazi jinsi nilivyo. Mtu akinitumia ujumbe wa "sawa" bila kitu kingine, nitauliza nafsi yangu hadi jioni kama amekasirika. Nikifunga mlango wa chumba changu kule Clintonville, mtaa mmoja wa Columbus, narudi mara mbili kuushika kitasa. Tangu siku nilipochukuliwa, niliamini kuna jina la mtu mwingine lililofanana na langu, na kwamba siku yoyote watagundua kosa. Kwa hiyo nilifanya mazoezi kama mtu anayetaka kuwa tayari siku kosa litakapogunduliwa, ili waone haya kunirudisha.

Kiangazi nilikwenda Louisville, mji tulioshukia tulipoingia Amerika nikiwa na miaka tisa, nikaomba kazi ya muda katika ghala la mizigo ambako mama alifanya kazi miaka yetu ya kwanza. Nilitaka kubeba. Nilipanga masanduku kwenye makontena ya ndege wiki kumi, na jioni nilivuka daraja la watembea kwa miguu juu ya mto Ohio, kwenda na kurudi, mchele mgongoni. Wakongo wenzangu wa ghalani hawakunielewa kabisa. Mmoja alisema, "Mwenzetu amemaliza chuo ili arudi kubeba masanduku. Sisi tunabeba masanduku ili wetu wamalize chuo. Mungu ana mzaha."

Lakini mazoezi yenyewe, yale ya baridi, niliyafanya Buffalo, mji wa kaskazini ulio kando ya ziwa, majira ya baridi yaliyotangulia. Mama alihamia huko nilipoanza chuo, amfuate dada yake na kanisa. Anakaa mtaa wa East Side, na kazi yake iko Kenmore, mji wa jirani, kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwavalisha. Theluji ikishuka kutoka ziwani mabasi huchelewa, nami nikapata sababu ya kutembea: nilimpelekea chakula cha mchana kwa miguu, saa mbili na zaidi, theluji magotini, sombe ya majani ya muhogo na wali vikiwa vimefungwa katika taulo ndani ya begi. Nilipofika kope zangu zilikuwa zimegandana.

"Basi iko," mama alisema mara ya kwanza, akinipangusa uso mbele ya wazee waliokuwa wanatazama televisheni.

"Najizoeza, mama."

Habari ya mlima nilikuwa nimempa siku tatu kabla, na siku hizo zote alikuwa hajaisemea neno. Sasa akakaa, akafungua sombe, akala vijiko viwili, ndipo akaniuliza, "Na kule juu kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Bon. Sisi tulishuka milima tukikimbia, watoto mugongoni. Weye unapanda, na hakuna mutu anakufukuza." Akala kijiko cha tatu. "Haya. Nitaambia bamama."

Mama na marehemu baba ni watu wa milima ya juu ya Kivu Kusini, kwenye majani ya ng'ombe na ukungu wa asubuhi. Bamama aliowasema ni wanawake saba wa kikundi cha maombi, wote wa mashariki ya Kongo, wote wa kazi za viwanda na za wazee. Hukutana Jumatano sebuleni kwetu, viatu vimerundikana mlangoni kama soko. Walinicheka kwanza, kama ilivyo haki yao. Mkubwa wao, tunayemwita Mama Mkubwa ingawa ana kimo cha mtoto, alinitazama kutoka chini hadi juu: "Uyu? Uyu anaogopa paka yangu." Kisha wakaniwekea mikono kichwani, wote saba, na sikujua nifanye nini na mikono yangu mwenyewe.

Mwezi wa kumi tukaondoka.

Kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Lukla tulitembea siku nyingi, misitu kwanza, kisha mawe, kisha mawe na barafu. Aliyenisimamia mimi alikuwa kiongozi wa milima mzaliwa wa bonde lile lile, mtu mkavu, mpole, mwenye jino moja la dhahabu. Aliniita bahini, yaani mdogo wake wa kike, nami nikafundishwa kumwita dai, kaka mkubwa. Hilo pekee kwangu halikuwa geni. Kwetu pia huwezi kumfuata mtu mahali pa hatari kabla hujajua ni nani yako.

Tulikuwa Thangnak, vijumba vya mawe chini ya ukuta wa barafu, niliponunua kadi ya mtandao na simu ikaanza kulia kama imechomwa. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Mama Mkubwa. Nyuma yake nilisikia watoto, sufuria, na mtu akiuliza chumvi iko wapi.

"Mutoto wetu, tumekufungia. Siku saba, mupaka siku ya kufika juu. Hatukuli, hatunywi, mupaka saa kumi na mbili ya jioni. Mama yako njo anafunga mulango, siku ya mwisho. Panda, usiogope kitu."

Nilisikiliza mara nne. Mtu mwingine angelia kwa furaha, akala chakula chake, akalala. Mimi nilianza kufikiri.

Kwetu mtu akifungiwa, yeye mwenyewe hali. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno, niliona tu. Mgonjwa akifungiwa hujikaza asile walau hadi mchana. Bibi harusi akifungiwa hashiki sahani. Mwenye shida atamezaje tonge wakati wengine wanashinda njaa kwa ajili yake? Tena nilikuwa na sababu yangu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilipokuwa na miaka saba, kambini Burundi, ilipangwa siku ya kusomwa orodha ya familia zinazokwenda Amerika. Mama alitangaza mfungo nyumbani. Asubuhi, yeye akiwa kwenye maombi, nilifunua sufuria iliyopinduliwa nikakuta viazi viwili vya kuchemsha, baridi, vyenye chumvi. Nilikula kimoja. Mchana orodha ikasomwa na sisi hatukuwemo. Tulikaa kambini miaka miwili zaidi, na ndani ya miaka hiyo baba aliugua, akazikwa kule. Sasa ni mtu mzima, nimesomea mwili wa binadamu, najua kiazi kinakwenda wapi baada ya kumezwa. Lakini ndani yangu yuko yule wa miaka saba, na hajapata kuhitimu chochote.

Kwa hiyo niliamua kufunga. Hapo ikaja hesabu ya saa. Nepali imetangulia Buffalo kwa saa tisa na dakika arobaini na tano. Hata saa zao zina robo yake. Saa kumi na mbili jioni ya Buffalo ni saa kumi kasorobo alfajiri ya Nepali. Je, nifungue kwa jua la Thangnak au kwa jua la East Side? Nililala na swali hilo, na asubuhi nikachagua njia ya mtu mwenye wasiwasi: nitafunga kwa saa zote mbili. Maana yake nisile karibu kabisa. Maji nilikunywa, kwa sababu daktari alihesabu chupa zetu, na kila chupa niliiombea msamaha. Chai niliiita maji.

Siku ya kwanza tulipanda kutoka Thangnak hadi Khare, kijiji cha mwisho, karibu mita elfu tano. Nilitembea kama mtu anayesukuma kabati. Jioni sahani yangu ya wali na dengu niliitoa nje kimyakimya nikampa mbwa mweusi wa nyumba ya wageni, aliyenitazama kwa mshangao kabla ya kuamini bahati yake. Siku ya pili ilikuwa ya mazoezi ya kamba kwenye barafu juu ya kijiji.

Kanuni ya kamba ni moja, na mtoto angeielewa. Kiunoni una mkanda, na kwenye mkanda una vifungo viwili. Kamba imefungwa kwenye barafu kila baada ya hatua kadhaa. Ukifika kwenye fundo, unahamisha kifungo kimoja ng'ambo, unakivuta kuhakikisha, ndipo unahamisha cha pili. Kimoja kwanza, kisha kingine. Usivifungue vyote viwili kamwe. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mia kwenye vyuma vya ngazi za Columbus. Mlinzi alikuwa shahidi.

Nilipanda fundo la kwanza, la pili. Kwenye la tatu barafu ilianza kung'aa kupita kiasi. Vidole vyangu vilikuwa mbali, kama vya mtu mwingine anayenifanyia kazi kwa kulazimishwa. Nikasikia mkono umenikamata mkanda kwa nyuma, kwa nguvu, na sauti ya dai sikioni, taratibu sana:

"Bahini. Tazama mikono yako."

Nilitazama. Kila mkono ulishika kifungo kimoja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye kamba. Chini yangu kulikuwa na mteremko wa barafu mrefu kama ngazi zote nilizowahi kupanda. Nilikuwa nimesimama pale kwa meno ya chuma ya viatu na kwa mkono wa mtu mmoja.

Daktari alikuwa chini, ameona. Niliposhuka hakunikaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliandika katika daftari la kijani, akapima kidole changu, akashangaa kwamba hewa damuni si mbaya.

"Sielewi," alisema. "Kesho utarudia. Ikiwa hivi tena, unashuka Lukla kesho kutwa. Siwezi kukupeleka Baruntse na mikono hii. Siwezi hata kukupeleka Mera."

Nilikaa nyuma ya nyumba ya wageni, penye mavi makavu ya yaki, ng'ombe wenye manyoya wa huko, yaliyopangwa kwa kuni. Niliwaza nitakavyowaeleza wanawake saba wa East Side. Mbwa mweusi akaja akakaa karibu nami, mkia unapiga mawe. Dai akamfuata nyuma.

"Mbwa huyu," alisema, "katika siku moja amekuwa tajiri. Nani anamlisha?"

Nilimkuna mbwa shingoni.

"Chakula chetu kibaya?"

"Hapana, dai. Mama yangu na wenzake wanafunga kwa ajili yangu. Siwezi kula wao wakiwa na njaa."

Alikaa. Aliyapokea maneno yangu bila kucheka wala kushangaa, kama mtu anayejua nyumba za maombi. Alisema mkewe naye huwasha taa kila asubuhi mumewe akiwa mlimani, na haizimi hadi arudi. Kisha akakuna kidevu.

"Lakini hajawahi kuniambia niwake mimi. Mama yako alikwambia usile?"

Swali dogo. Nilikuwa nimefikiri kwa siku mbili, nimepiga hesabu za saa za mabara mawili, na halikunijia. Hakuna aliyeniambia nisile.

"Mpigie," alisema, akatoa kadi ya mtandao mfukoni.

Ilikuwa saa moja jioni Khare. Buffalo ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, mama yuko kazini. Uso wake ulitokea kwenye kioo, nguo ya kazi ya rangi ya zambarau, nyuma yake friji ya wafanyakazi.

"Haraka, mama," aliniambia. Ndivyo anavyoniita mimi binti yake. "Niko kwa pause, mapumuziko ya kidogo. Muzee mumoja ananingoja nimuvalishe soksi." Akasogeza uso karibu. "Mbona umekonda? Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

"Chai."

"Juu ya nini? Chakula hakiko?"

"Kiko. Nafunga pamoja nanyi."

"Na nani?"

"Na wamama. Siku saba."

Uso wake ukaganda kwenye kioo. Nilidhani mtandao umekatika, ila nilimwona akipepesa macho.

"Ngoja. Sisi tuko bamama saba. Tumegawana siku saba, kila mumoja siku yake moja. Jana ilikuwa ya tantine yako, dada yangu, leo ya mwingine, mimi niko mwisho. Donc weye peke yako umebeba zote saba? Weye ni kanisa?"

"Sikujua mmegawana."

"Na ungejua vipi, na hukuuliza!" Kicheko kikaanza kumtoka, akaziba mdomo kwa sababu ya wazee. "Sisi tuko nafunga juu ya weye upate nguvu. Nguvu ikikuja, itaingilia wapi kama kinywa umekifunga? Mutu anapanda mulima na tumbo bure!"

Hapo nilipaswa kucheka. Badala yake nikaanza kulia, na ile siri ya miaka yote ikatoka yenyewe, kwa maneno ovyo: kambi, sufuria, orodha, kiazi. Nikasema nilikula. Nikasema tulikosa kwa sababu yangu, na baba hakufika kwa sababu yangu.

Mama hakucheka tena.

"Kiazi cha chini ya sufuria?"

"Ulijua?"

"Mimi njo nilikiweka." Alisema polepole, kama anayenivalisha soksi. "Mutoto wa miaka saba anafunga nini? Lakini ningesema mbele ya bamama wa maombi kwamba wangu wanakula, wangesema nini? Nikaficha viwili pale, nikajua utavumbua. Nikarudi nikakuta kimoja. Miaka yote najiuliza, uyu mutoto, kingine alikiacha juu ya nini?"

"Nilikuachia wewe."

Aligeuza uso akatazama friji. Mtu alipita nyuma yake akachukua kitu akaondoka.

"Bon," alisema hatimaye. "Sikia sasa, na usiniulize mara mbili. Ile liste ilitukosa juu ya karatasi ya baba yako. Mwaka wa kuzaliwa uliandikwa vibaya, wakarudisha dosye, faili yetu nzima. Baba yako mwenyewe alijua. Kiazi haina kosa. Unasikia? Kiazi haina kosa, na weye hauna kosa. Sasa kula. Nataka kusikia."

Nilipogeuka, dai alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Sijui alielewa kiasi gani cha Kiswahili chetu. Labda alielewa machozi na njaa. Katika sahani kulikuwa na viazi vya kuchemsha, vidogo, vya maganda, kama wanavyovila watu wa kule jioni, na chumvi na pilipili pembeni. Nilimenya cha kwanza kikaniunguza vidole. Vidole vilikuwa vyangu tena. Nilitafuna mbele ya simu, na mama ametega sikio, na huko Kenmore mzee wa watu akingoja soksi zake.

"Sikusikii vizuri," alisema. "Ongeza kingine."

Nilikula tisa. Mbwa mweusi alinitazama kama mtu aliyefilisika.

Asubuhi nilirudia kamba. Fundo la kwanza, la pili, la tatu. Kimoja kwanza, vuta, kisha kingine. Nilipanda na kushuka mara nne, na mara ya tano niliomba mwenyewe. Daktari aliandika mstari mmoja. Nilitamani kuuona, nikajiambia si lazima, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu jibu hilo lilinitosha.

Tulibaki Khare siku tatu zaidi mwili uzoee hewa, na siku ya saba ya mfungo tulivuka ncha ya barafu na kupita Mera La, nyanda nyeupe kati ya mabonde mawili, tukafika kambi ya juu, mahema yamebanwa kwenye mwamba mmoja kama ndege wanaojikinga upepo. Jioni dai aliniletea viazi vingine viwili, moto, vimefungwa kwenye kitambaa. "Weka ndani ya koti, karibu na mwili," alisema. "Nje vitakuwa mawe."

Tuliondoka usiku mkubwa, ndivyo ilivyo huko, ili barafu iwe ngumu chini ya miguu. Taa za vichwa zilipanga mstari mbele yangu. Nilipumua mara mbili kwa hatua moja, kisha mara tatu. Baridi iliniingia kwenye meno. Nilitarajia mawazo yangu yaanze kazi yake: mwenye jina kama langu, kifungo, kidole cha mguu kisichosikia. Yalikuja, lakini moja moja na kwa pumzi fupi kama mimi, na sikuwa na hewa ya kuyakaribisha. Nilihesabu hatua tu. Hatua ishirini, simama. Hatua ishirini, simama. Ngazi za zege za Columbus. Daraja la Ohio. Theluji ya barabara ya Kenmore, na sombe mgongoni.

Saa kumi kasorobo nilitazama saa yangu nikagusa bega la dai.

"Dakika moja tu. Mama yangu anafungua sasa."

Alielewa mara moja, akawapungia mkono walio nyuma wapite. Ilikuwa siku ya mama kufunga mlango. Huko East Side ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na nilijua kila kitu bila kukiona: viatu mlangoni, wanawake sita wamemfuata asifungue peke yake, ugali umefunikwa kwa sahani, Mama Mkubwa akiomba maombi marefu mno huku wengine wanakohoa kumkumbusha. Nilitoa kiazi kimoja kifuani. Kilikuwa bado vuguvugu. Nilimgawia dai nusu, tukala tumesimama gizani, mgongo kwa upepo.

Jua lilitukuta chini ya kilele. Mwisho wa Mera kuna kipande kifupi cha barafu kinachosimama kama ukuta wa nyumba, na kamba juu yake, na fundo katikati. Daktari alikuwa tayari juu, anatazama chini. Nilifika kwenye fundo. Kimoja kwanza. Nikavuta. Kikashika. Kisha kingine. Nikapanda hatua nane za mwisho kwa meno ya viatu na mikono yangu miwili.

Juu hakukuwa na kitu, kama nilivyomwambia mama. Ila kitu hicho kisichokuwepo kilienea pande zote: Everest nyeusi upande wa kaskazini, Makalu kama kiti kikubwa, na karibu yake, na meno yake meupe, Baruntse. Nilikuwa nimeiogopa mwaka mzima kwenye picha. Kwa macho ilikuwa mlima tu, mzuri, unaonisubiri au usionisubiri.

"Piga kelele, bahini," alisema dai, jino la dhahabu linang'aa. "Hapa hakuna jirani."

Nikapiga kigelegele. Kile cha kanisani, cha harusi, cha viza iliyotoka. Hewa ilikuwa haba, kikakatika katikati kwa kikohozi, nikavuta pumzi nikakianza upya, nikakimaliza. Daktari alinibana kidole kwa kipimo chake akacheka kwanza, kisha akaniamuru nihesabu kutoka mia kwenda chini nikitoa saba saba. Nilihesabu hadi mbili, nikauliza kama niendelee chini ya sifuri.

"Basi, basi," alisema.

Tulishuka hadi Mera La kabla ya mchana. Pale njia inagawanyika: magharibi unarudi Khare na Lukla, mashariki unashuka bonde la Hongu kuelekea Baruntse. Mizigo ilikuwa imewekwa kwenye marundo mawili. Wenzetu wawili walikuwa wanarudi, mmoja kwa kikohozi, mwingine kwa vidole vya miguu vilivyobadilika rangi, na tulikumbatiana nao. Daktari alifungua daftari la kijani. Nilisimama mbele yake kama pale kambini, mbele ya msomaji wa orodha, nikiwa na miaka saba.

"Wewe," alisema, bila hata kutazama ukurasa, "mashariki."

Nilingoja aongeze kitu. Hakuongeza. Nilingoja pia nafsi yangu iseme kuna kosa, kuna mwenye jina kama langu. Nayo ilinyamaza.

Dai aliniletea begi langu, akaniuliza kama ninahitaji kupumzika kwanza. Nikaingiza mkono kifuani. Kiazi cha pili kilikuwepo bado, kimepondeka upande mmoja, na chumvi imeshika ganda. Nilikaa juu ya begi, nikakimenya, nikakila chote.